Kwa nini kivuli cha 2x − 3y < 6 kinakaa juu ya mstari?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimerudi kusoma hisabati nikiwa mtu mzima na nimekwama kwenye grafu za kutolingana. Nilipewa 2x − 3y < 6. Mstari niliuchora vizuri, nikatia kivuli chini yake kwa sababu alama inasema "chini ya 6". Majibu yanaonyesha kivuli kiko juu, tena mstari wao ni wa vipande vipande, wangu ni mzima. Rafiki akaniambia niwe najaribu nukta (0, 0). Swali lililofuata lilikuwa y ≤ 2x. Nilipojaribu (0, 0) nikapata 0 ≤ 0, nikashindwa kuendelea. Sitaki kanuni nyingine ya kukariri, nataka kuelewa. Na hesabu hizi zina kazi gani nje ya daftari?

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kurudi darasani. Nitaanza na kivuli, maana hilo likieleweka mengine hayatakusumbua.

Kosa lako limezaliwa na neno moja, "chini". Katika Kiswahili neno hili lina kazi mbili. Tunasema nukta iko chini ya mstari, tukimaanisha mahali ilipo kwenye karatasi. Tunasema pia namba fulani iko chini ya 6, tukimaanisha udogo wake. Uliposoma 2x − 3y < 6 ulisema moyoni "iko chini ya 6", na mkono ukakimbilia chini ya mstari. Sasa jiulize: ni kitu gani hasa kilicho chini ya 6? Si y, wala si nukta. Ni thamani ya 2x − 3y, yaani ile namba unayoipata ukizidisha x kwa 2 kisha ukatoa mara tatu ya y. Namba hiyo haionekani popote kwenye karatasi, unaijua kwa kuikokotoa tu. Na hakuna kinachoilazimisha ipungue pale nukta inaposhuka.

Tuijaribu kwa kidole. Kiweke kwenye nukta (3, 0). Hapo 2x − 3y ni 6 − 0, yaani 6 kamili, kwa hiyo uko kwenye mstari wenyewe. Panda hatua moja hadi (3, 1) upate 6 − 3 = 3. Panda tena hadi (3, 2) upate 0, kisha (3, 3) upate −3. Rudi ulipoanzia, sasa shuka. Nukta (3, −1) inatoa 6 + 3 = 9, na (3, −2) inatoa 12. Umeona? Kila ukipanda hatua moja thamani inapungua kwa 3, na kila ukishuka hatua moja inaongezeka kwa 3. Sababu ni ile alama ya kutoa iliyo mbele ya 3y: y ikikua, kinachotolewa kinakuwa kikubwa zaidi. Anayetafuta thamani zilizo chini ya 6 hana budi kupanda.

Hiyo ilikuwa x = 3. Rudia kwenye x = 0. Mstari unapita kwenye (0, −2). Hatua moja juu yake ni (0, −1), yenye thamani 3. Hatua moja chini ni (0, −3), yenye thamani 9. Mambo ni yale yale. Chagua x yoyote uitakayo, simama pale mstari unapopita, na utakuta thamani ni 6, juu yako zinapungua na chini yako zinaongezeka. Ndiyo maana upande mzima wa juu ni jibu, hata sehemu ambazo hukuzipima.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopitishwa kwa haraka. Mwanafunzi anaambiwa "chora mstari, jaribu nukta moja, tia kivuli upande wake", naye anatii. Anayefikiri kama wewe atauliza: nukta moja inawezaje kusemea nukta zisizo na idadi? Jibu ni kwamba thamani ya 2x − 3y haina uwezo wa kuruka. Ukitembeza kidole polepole kwenye karatasi, thamani nayo inabadilika polepole. Ili itoke kuwa chini ya 6 hadi kuwa zaidi ya 6, lazima ipite kwenye 6 kamili, na mahali pekee penye 6 kamili ni kwenye mstari. Kwa hiyo maadamu kidole hakijavuka mstari, jibu la "je, iko chini ya 6?" halibadiliki. Likiwa ndiyo kwenye nukta moja ya upande huo, ni ndiyo upande mzima. Likiwa hapana, ni hapana upande mzima.

Kwa hiyo usiuone mstari kuwa ndio jibu. Mlinganyo 2x − 3y = 6 una jibu lililo mstari, kwa sababu unauliza wapi thamani ni 6 barabara. Sentensi ya kutolingana inauliza jambo jingine, na ndani yake mstari ni mpaka tu. Unaligawa bapa, yaani uso wote wa karatasi, sehemu mbili, na kazi yako ni kujua sehemu ipi inasema kweli. Kivuli ni mkusanyo wa nukta zote ambazo, ukiweka jira zake, yaani x na y zake, ndani ya sentensi, sentensi inakuwa kweli. Ukishika maana hiyo hutahitaji kukumbuka kama ni juu au chini. Utaiuliza nukta yenyewe.

Sasa mstari wa vipande. Uulize mpaka wenyewe: je, nukta zake ni sehemu ya jibu? Chukua (3, 0). Tunapata 6 < 6, na huo ni uongo, kwa sababu 6 si ndogo kuliko 6. Kwa hiyo (3, 0) haimo, wala nukta nyingine yoyote ya mstari huo. Ila jirani yake (3, 0.001) inatoa 5.997, na hiyo imo. Unaweza kuukaribia mpaka kadiri upendavyo, ila ukiugusa tu umetoka kwenye jibu. Mchoro unahitaji namna ya kusema "mpaka uko hapa, lakini wenyewe hauhesabiwi", na wachoraji wamekubaliana kuusema kwa vipande. Ingekuwa 2x − 3y ≤ 6, nukta (3, 0) ingetoa 6 ≤ 6, ambayo ni kweli, na mstari ungechorwa mzima.

Katika jambo hili Kiswahili, kilichokuponza mwanzo, kinakuwa msaada mkubwa. Sikiliza maneno haya: "haizidi 8", "isiyozidi 8", "haipungui 5", "angalau 5". Yote yanaikubali namba yenyewe. Mtu akisema watu wasiozidi 8, wanane wanaruhusiwa. Maneno hayo ni ≤ na ≥, na mstari wake ni mzima. Halafu sikiliza "chini ya 8", "pungufu ya 8", "zaidi ya 5". Haya yanaikataa namba yenyewe: umri zaidi ya miaka 5 unamwacha nje aliyetimiza mitano leo. Hayo ni < na >, na mstari wake ni wa vipande. Wanafunzi wangu nawashauri waisome ≤ kwa neno "haizidi" na ≥ kwa neno "haipungui", waachane na ile ndefu ya "ni ndogo kuliko au ni sawa na". Ni fupi, na haliwezi kukutuma chini ya mstari bila sababu. Ungesema "2x − 3y haifiki 6", pengine usingekosea kabisa.

Alama zenyewe, kwa wapendao historia, si za kale sana. Alama < na > zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake. Mfaransa Pierre Bouguer alitumia alama yenye mistari miwili chini yake, kwa maana yetu ya "haizidi", mwaka 1734.

Turudi kwenye nukta (0, 0). Rafiki yako hakukudanganya. Nukta hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu x na y zote zinafutika na unabaki na namba tupu. Kwenye 2x − 3y < 6 unapata 0 < 6, ni kweli, basi kivuli kinakwenda upande ulio na (0, 0). Mstari unapita kwenye (0, −2), chini ya pale mihimili inapokatana, kwa hiyo upande huo ni wa juu. Umemaliza bila kugusa kanuni yoyote ya juu na chini.

Kwenye y ≤ 2x hali ni tofauti, maana mstari wenyewe unapita pale pale kwenye (0, 0). Nukta hiyo haiko upande wowote, iko kwenye mpaka, na nukta ya mpakani haiwezi kukueleza habari za upande. Ile 0 ≤ 0 uliyoipata ni kweli, lakini inachosema ni kwamba mpaka umo kwenye jibu, basi. Ingekuwa y < 2x ungepata 0 < 0, uongo, nayo pia ingekuambia tu kwamba mpaka haumo. Dawa yake ni kuchagua nukta nyingine ambayo kwa macho tu haiko kwenye mstari. Chukua (1, 0). Unapata 0 ≤ 2, ni kweli. Nukta (1, 0) iko upande wa kulia, chini ya mstari huu unaopanda kwa ukali, basi kivuli kiwe huko na mstari uwe mzima. Ukitaka uhakika zaidi jaribu ya upande wa pili, (0, 1): 1 ≤ 0, uongo. Pande mbili zikitoa majibu yanayopingana, una amani. Zikikubaliana, kuna kosa katika hesabu au katika mchoro.

Utakutana na wanaofundisha njia nyingine: iache y peke yake, kisha tia kivuli juu ikiwa alama ni > na chini ikiwa ni <. Njia hiyo ni sahihi, na humo ndimo neno "chini" linapopata haki yake, kwa kuwa kinacholinganishwa sasa ni y yenyewe, na y ndiyo inayoonyesha nukta iko juu kiasi gani. Hatari iko njiani. Ukianza na 2x − 3y < 6 ukatoa 2x pande zote, unabaki na −3y < 6 − 2x. Sasa unagawanya kwa −3, na hapo alama lazima igeuke: y > (2/3)x − 2. Asiyegeuza anarudi kwenye kosa lako kwa mlango mwingine.

Kwa nini igeuke? Chukua 2 < 5. Zidisha pande zote kwa −1 upate −2 na −5. Kwenye mstari wa namba, −5 iko kushoto zaidi, kwa hiyo −2 > −5. Kuzidisha kwa namba hasi ni kama kusimamisha kioo kwenye sifuri: aliyekuwa mbali zaidi kulia anakuwa mbali zaidi kushoto, na mpangilio wote unapinduka. Kama huamini kioo, ipitie njia isiyogawanya kwa hasi kabisa. Ongeza 3y pande zote: 2x < 6 + 3y. Toa 6: 2x − 6 < 3y. Gawanya kwa 3, ambayo ni chanya: (2/3)x − 2 < y. Isome ukianzia kulia na utaona ni y > (2/3)x − 2, kitu kile kile, na hakuna mahali ulipogeuza chochote.

Mimi naitegemea nukta ya kujaribu, na njia ya kuiacha y peke yake naitumia kuhakiki. Sababu mojawapo ni sentensi kama x > −1. Hiyo haina y, kwa hiyo kanuni ya juu na chini haina la kusema. Mstari wake umesimama wima kwenye x = −1, wa vipande, na (0, 0) inatoa 0 > −1, kweli, basi kivuli kinajaza upande wote wa kulia. Wengi huchora x > −1 kama mstari uliolala, kwa kuwa mhimili wa x umelala. Kumbuka x = −1 inasema "x ni −1, y iwe yoyote", na nukta kama (−1, 0), (−1, 4) na (−1, −7) zinapangana wima.

Kuhusu kuchora mstari wenyewe sina mengi, kwa kuwa umesema unauweza. Weka x = 0 upate y, weka y = 0 upate x. Kwa swali lako ni (0, −2) na (3, 0). Ongeza nukta ya tatu ya kuhakiki, mfano (6, 2), kwani 12 − 6 = 6. Nukta tatu zikikataa kunyooka, umekosea mojawapo. Na vipimo vya mihimili viwe vya kulingana, la sivyo macho yatakudanganya unapotafuta upande wa nukta.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, hesabu hizi zina kazi gani. Kazi zake zinaanza pale masharti yanapokuwa mengi kwa wakati mmoja. Tuseme una kitoroli cha kubebea maboksi ya vitabu. Boksi kubwa lina kilo 20, dogo kilo 10. Kitoroli kina nafasi ya maboksi yasiyozidi 8, na kinabeba uzito usiozidi kilo 120. Maboksi makubwa yaite x, madogo y. Sharti la nafasi ni x + y ≤ 8. Sharti la uzito ni 20x + 10y ≤ 120, na ukigawanya kwa 10 ni 2x + y ≤ 12. Halafu kuna masharti mawili ambayo hakuna aliyeyatamka lakini yapo: x ≥ 0 na y ≥ 0, maana hakuna boksi hasi. Watu huyasahau haya mawili, kisha wanashangaa kwa nini eneo lao halina mwisho.

Kila sentensi inaligawa bapa kwa mstari wake, na jibu ni mahali ambapo zote nne zinasema kweli kwa pamoja. Mstari wa kwanza unapita (0, 8) na (8, 0), wa pili (0, 12) na (6, 0). Inakatana wapi? Toa x + y = 8 kutoka 2x + y = 12 upate x = 4, basi y = 4. Eneo linalobaki ni umbo la pembe nne lenye kona (0, 0), (6, 0), (4, 4) na (0, 8).

Hapa nikuonye kuhusu kivuli. Ukitia kivuli cha kila sentensi, kufikia ya nne karatasi imekuwa nyeusi na hujui kipi ni kipi. Kwa hiyo vitabu vingi, na mitihani mingi, hutaka utie kivuli sehemu isiyotakiwa, na eneo la jibu libaki jeupe. Vingine hutaka kinyume chake. Zote mbili ni desturi tu za kuchora, na hisabati haibadiliki, lakini unayefanya mtihani soma maelekezo kabla ya kushika penseli. Masharti yakifika matatu mimi hufuata ile ya kuchafua kisichotakiwa, kisha naandika neno "jibu" ndani ya sehemu nyeupe, asije msomaji akaelewa kinyume. Na usishangae siku nyingine usibakiwe na sehemu nyeupe. Sentensi y > x + 2 na y < x − 1 zina mistari sambamba, moja inadai juu ya mstari wa juu na nyingine chini ya mstari wa chini, na hakuna nukta inayoweza kuziridhisha zote mbili.

Kwenye kitoroli chetu kuna jambo moja zaidi. Maboksi hayakatwi vipande, kwa hiyo si kila mahali ndani ya eneo ni jibu. Ni nukta zenye namba kamili tu. Nimezihesabu: x ikiwa 0 kuna nukta 9, ikiwa 1 kuna 8, kisha 7, 6, 5, 3 na 1. Jumla ni 39, ukihesabu na kitoroli kitupu. Hizo ndizo njia zote za kupakia bila kuvunja sharti.

Ipi iliyo bora? Tuseme boksi kubwa lina vitabu 30 na dogo lina 20, nawe unataka kubeba vitabu vingi kadiri inavyowezekana kwa safari moja. Jumla ni 30x + 20y. Kumbuka tulivyotembeza kidole tukitazama thamani ya 2x − 3y ikipanda na kushuka. Hapa ni hivyo hivyo. Nukta zote zenye vitabu 100 ziko kwenye mstari mmoja, zenye 160 ziko kwenye mstari mwingine ulio sambamba nao, na kila jumla ikikua mstari unasogea mbali zaidi na (0, 0). Usogeze hadi ubaki umeligusa eneo kwa mara ya mwisho. Mguso huo wa mwisho hutokea konani, au kwenye ukingo mzima ikiwa mstari unaosogea ni sambamba na ukingo. Kwa hiyo inatosha kupima kona nne: (0, 0) ina 0, (6, 0) ina 180, (0, 8) ina 160, na (4, 4) ina 120 + 80, yaani 200. Pakia manne makubwa na manne madogo.

Wazo hili la kona ndilo lililoibeba fani nzima ya kutafuta lililo bora chini ya masharti. Mwanahisabati wa Kisovieti Leonid Kantorovich alichapisha mwaka 1939 kazi ya kupanga uzalishaji kwa masharti ya aina hii, na mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akatoa njia ya kutembea kutoka kona hadi kona ukitafuta iliyo bora, hata pale vigeu, yaani herufi kama x na y, vinapokuwa vingi kiasi cha kutochoreka. Kantorovich alipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1975 pamoja na Tjalling Koopmans. Kompyuta zinazopanga safari za ndege na ugawaji wa mizigo zinafanya, kwa maelfu ya vigeu, kile ulichokifanya sasa kwa viwili.

Kabla hujafunga daftari, badilisha neno moja kwenye sharti la uzito. Badala ya "usiozidi kilo 120" liwe "chini ya kilo 120". Mstari wa pili unakuwa wa vipande. Nukta (4, 4) ina uzito wa kilo 80 + 40, yaani 120 barabara, kwa hiyo inatolewa nje pamoja na mpaka wake. Maboksi yangekuwa yanakatwa, ungeweza kuvikaribia vitabu 200 upendavyo bila kuvifikia. Kwa kuwa hayakatwi, lazima 2x + y isizidi 11, na ukizipima nukta zilizobaki utaikuta iliyo bora ni (3, 5): maboksi 8, kilo 110, vitabu 190. Neno moja, na vitabu 10 vimebaki chini.